Sumu Katika Chakula: Tupime Kwanza, Tusikimbie



Mwisho wa mwezi uliopita kulikuwa na fujo katika landhi zetu. Habari ilipita kutoka simu hadi simu, ya kwamba unga wa pakiti, mkate na sukari vyote vimetiwa sumu, na ya kwamba herufi E pamoja na tarakimu zinazoandikwa juu ya pakiti ndizo majina ya sumu hizo. Mwenzetu mmoja wa genge la njia alimwaga jalalani unga wake wote wa mwezi. Kisha akaenda kununua mahindi ya rundo kando ya barabara, yaliyonyeshewa mvua, akayapeleka kusagwa. Tulipomwuliza sababu akatujibu, "Lisemwalo lipo."

Sisi hatumcheki. Mtu mwenye watoto watano hangoji kuona maiti ndipo aogope. Lakini twasema wazi kuwa ndugu yetu ameruka maji akakanyaga tope, na sababu yake ni hii.

Mwaka wa 2004, upande wa Makueni, Kitui na wilaya za jirani, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa. Hawakuuawa na dawa ya kiwandani yenye jina gumu. Waliuawa na mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu, yakaota kuvu, na kuvu hiyo ikatoa sumu iitwayo aflatoksini. Sumu hii ikiingia mwilini kwa wingi huharibu ini kwa muda mfupi. Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi, yaweza kuleta saratani ya ini. Na kuipika ugali mpaka ukauke hakuiondoi.

Hapa Kenya kipimo kilichowekwa ni kwamba aflatoksini isizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni 1. Wenzetu wa kupakia mizigo wataelewa tukisema hivi: ni kama gramu 1 tu katika tani 100 za mahindi, yaani mabehewa mawili au matatu yaliyojaa. Ni jicho la nani litakaloona gramu hiyo? Wala pua haiwezi. Ni kazi ya chombo na mtu aliyefundishwa kukitumia. Novemba 2019 shirika la kukadiria ubora wa bidhaa, KEBS, lilipima unga wa mahindi wa madukani, likasimamisha aina 5 kwa sababu ya sumu hii. Basi unga wa pakiti nao si malaika, lakini angalau kuna mtu aliye na amri ya kuupima. Rundo la kando ya barabara limepimwa na nani?

Sasa tuseme juu ya zile herufi E. Ni alama tu za vitu vinavyotiwa katika chakula. E300 ni vitamini C, ile iliyomo katika chungwa. E330 ni asidi iliyomo katika ndimu. Mwenye kusema kila E ni sumu hajasoma, au amesoma akaficha.

Hata hivyo si kila habari ni porojo. Julai 2019 televisheni ilionyesha jinsi nyama iliyochacha ilivyotiwa dawa katika baadhi ya maduka makubwa ili ionekane nyekundu kama ya leo. Dawa yenyewe, E223, huruhusiwa katika matunda yaliyokaushwa, kwa kiasi. Lakini kuitia katika nyama mbovu ni kumwibia mnunuzi, na mwenye pumu yaweza kumletea shida ya kupumua. Dawa ni ile ile. Huku ni halali, huku ni wizi. Kwa hiyo haitoshi kuuliza, "Kuna nini ndani?" Yatupasa kuuliza pia: ni kiasi gani, katika chakula gani, na ni nani aliyepima?

Na wakubwa nao wasituachie lawama zote. Juni 2018 waziri mmoja alitangaza kuwa sukari ya magendo iliyokamatwa ilikuwa na zebaki. Kabla ya mwezi kwisha waziri mwingine akasema vipimo havikuonyesha zebaki. Bunge likaunda kamati, na Agosti mwaka ule ule likaikataa taarifa ya kamati yake lenyewe. Mama aliyekuwa na kilo 2 za sukari kabatini alitakiwa amwamini nani? Mahali ambapo wenye vipimo hawasemi neno moja, uvumi hupata kiti.

Sisi watu wa reli twajua njia nyingine. Ikija habari kuwa reli imepasuka, hatusemi "uongo" tukapitisha gari, wala hatuking'oi kipande chote cha njia. Twasimamisha gari kwa bendera nyekundu, mtu anakwenda kutazama na kupima, kisha anaandika katika kitabu alichokiona. Chakula cha watoto wetu chastahili uangalifu ule ule.

Basi twaomba mambo matatu. La kwanza, shirika la vipimo litangaze matokeo kwa Kiswahili, pamoja na tarakimu zake, na kutaja ni aina gani na ni ya tarehe gani. La pili, halmashauri ya chama chetu ilifikishe kwa waajiri shauri la kantini. Katika kantini moja tulimokula, magunia ya unga yalilazwa sakafuni penye maji, na tulipouliza tukaambiwa tule au tuache. Magunia yawekwe juu ya mbao, mahali pakavu, na mjumbe wetu apewe ruhusa ya kuyakagua. La tatu ni letu wenyewe: mahindi ya kutoka nyumbani yakaushwe sawasawa kabla ya kutiwa guniani, yenye kuvu yatupwe, wala wasipewe kuku au ng'ombe.

Ndugu yetu yule tumemchangia unga wa kumfikisha siku ya mshahara. Yale mahindi yake tuliyafungua, tukakuta mengine yamegeuka kijani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyachoma.