Viti vya basi la kwenda Mbeya



Ndugu msomaji, kwa majuma mawili sasa gumzo hapa Ndalambo si bei ya mahindi bali safari ya kwaya. Wanakwaya wanakusudia kwenda jijini Mbeya, kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, kusikiliza tamasha la kinanda, fidla na sauti nne, ambamo itaimbwa sehemu ya "Messiah" ya Handel. Baadhi ya waamini wanauliza: parokia yenye vigango ambavyo bado havijaezekwa inapata wapi ujasiri wa kukodi basi kwa ajili ya nyimbo za Wazungu? Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu.

Hilo la Uzungu halinisumbui. Haleluya ya Handel huimbwa kwa Kiswahili na kwaya nyingi za nchi hii, Krismasi na Pasaka, na sijaona mtu akitoka kanisani kwa kuudhika. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, uliagiza yote mawili: hazina ya muziki mtakatifu itunzwe, na muziki wa asili wa mataifa upewe heshima yake. Anayehofu kwamba fidla ikiingia ngoma itatoka, anahofu bure. (Vinanda vya umeme vilivyofunguliwa sauti hadi mwisho vimezidhuru ngoma zetu zaidi, lakini hayo tuyaache.)

Suala la fedha ni zito. "Messiah" iliimbwa mara ya kwanza mjini Dublin, tarehe 13 Aprili 1742. Wanawake waliombwa waje bila sketi zao za kutanuliwa kwa pete, na wanaume bila panga zao, ili watu wengi zaidi wapate nafasi ukumbini. Mapato yalikwenda kwa hospitali mbili na kwa wafungwa wa madeni, ambao 142 kati yao walifunguliwa. Nako Nairobi, tangu mwaka 2008, vijana wa Korogocho, jirani na jalala la Dandora, wanafundishwa muziki wa namna hii katika eneo la kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohane, kwa mpango wa Ghetto Classics ulioanzishwa na Elizabeth Njoroge. Hawakungoja jalala liondolewe kwanza.

Linalonikosesha usingizi ni orodha ya majina. Waliowahi kulipa nauli ni wenye maduka na wenye mishahara, na baadhi yao hawaimbi kabisa. Mwimbaji wa besi anayekuja mazoezini kwa miguu kutoka kigangoni hayumo. Huyu amejifunza sehemu yake kwa kusikiliza simu ambayo spika yake haitoi besi hata kidogo! Ni nani anayehitaji ukumbi ule kuliko yeye?

Kwa hiyo nimeiomba halmashauri ya walei iipange orodha upya. Waimbaji watangulie, kila mmoja atoe anachoweza, hata debe la mahindi; asiyeimba akitaka kwenda, alipe nauli mara mbili. Halmashauri itakutana Jumapili baada ya Misa ya pili. Na kuondoka kuwe saa kumi alfajiri, maana foleni ya malori pale Tunduma haijui tamasha.