Kobalti: bei imepanda, hesabu ya komini bado haionekani

Mwezi wa pili mwaka 2025, serikali ya Kongo ilifanya jambo ambalo watu wengi wa biashara walisema haitathubutu. ARECOMS, mamlaka inayosimamia masoko ya madini ya kimkakati, ilizuia kobalti yote isitoke nchini. Zuio lilitangazwa kuwa la miezi minne, likaongezwa mara moja, kisha tena, hadi likakaribia miezi minane. Malori ya shaba yaliendelea kupanga foleni Kasumbalesa kama siku zote, lakini mifuko ya kobalti ilibaki ndani ya maghala ya Kolwezi na Fungurume.

Sababu ilikuwa bei. Mwanzoni mwa mwaka 2018, ratili moja ya kobalti ilipita dola 40. Mwanzoni mwa 2025 ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 10. Soko lilikuwa limejaa, na waliolijaza ni migodi ya Lualaba na Haut-Katanga yenyewe. Kampuni ya Kichina CMOC peke yake, yenye migodi ya Tenke Fungurume na Kisanfu, ilitoa zaidi ya tani 114.000 mwaka 2024. Kobalti ya Katanga hutoka pamoja na shaba. Bei ya shaba ikiwa nzuri, kampuni huchimba sana, na kobalti inatoka tu, hata kama hakuna anayeihitaji.

Tarehe 16 Oktoba 2025 zuio liliondolewa, na mahali pake pakawekwa viwango. Kwa mwaka 2026 na 2027, nchi nzima inaruhusiwa kuuza nje tani 96.600 kwa mwaka. Hiyo ni chini ya kile CMOC ilichotoa peke yake mwaka 2024. Nchi inayotoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia ilikumbuka kwamba inaweza kufunga bomba, na bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Kwa hilo serikali inastahili kusifiwa. Kwa miaka mingi wakubwa wa nchi walilalamika kwamba bei inapangwa London na Shanghai. Mara hii sehemu ya bei ilipangwa Kinshasa.

Lakini bei iliyopanda ni ya nani?

Swali hilo halikuanza jana. Mwezi wa tatu 2018, wakuu wa makampuni makubwa ya madini walisafiri hadi Kinshasa, wakaketi saa nyingi na Rais Joseph Kabila kumwomba asitie sahihi kodi mpya ya madini, yaani ile sheria iliyopandisha malipo yao kwa serikali. Siku mbili baadaye alitia sahihi. Mwisho wa mwaka huo kobalti ikatangazwa kuwa madini ya kimkakati, na redevance yake ikapanda hadi asilimia 10 ya thamani ya mauzo. Makampuni yalitishia kwenda mahakamani, mengine yakajitoa katika FEC, umoja wa wafanyabiashara. Lakini makampuni hayo hayakufunga virago na kurudi kwao. Biashara hupiga kelele kabla ya sheria kutiwa sahihi. Ikishatiwa, inapiga hesabu na kuendelea.

Njia nyingine ya biashara kuzungumza na siasa haina kelele kabisa. Mwaka 2022 Glencore ilikiri mbele ya mahakama kwamba ilitoa rushwa katika nchi kadhaa za Afrika, Kongo ikiwemo, na mwezi wa kumi na mbili mwaka huo ikakubali kuilipa Kongo dola milioni 180. Rushwa inakuwa na mtoaji na mpokeaji. Wa kwanza alilipa.

Sheria ya 2018 ilileta jambo lingine ambalo halikupigiwa kelele sana, ingawa kwa mkaaji wa kawaida ndilo kubwa kuliko yote. Iligawanya redevance kabla haijafika Kinshasa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 moja kwa moja kwa komini, sekta au usultani ambamo mgodi unachimbwa. Zaidi ya hapo, kila kampuni inapaswa kutenga asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa miradi ya maendeleo ya wenyeji, na kutia sahihi cahier des charges pamoja nao.

Hesabu yake si ngumu. Tuseme tani moja inauzwa dola 22.000: redevance ni 2.200, na komini inapata 330. Bei ikifika 50.000, redevance ni 5.000, na komini inapata 750. Kobalti inayosafirishwa na malori huuzwa chini ya bei ya metali safi, kwa hiyo hesabu halisi itapungua kidogo. Hata hivyo, komini yenye mgodi unaouza tani 10.000 kwa mwaka ingepokea, kwa bei hiyo ya pili, zaidi ya dola milioni 7. Kuna majimbo ya Kongo ambayo yangefurahi kupata pesa hiyo.

Sasa mtu apite Fungurume, au vijiji vilivyo kando ya barabara ya Kolwezi. Malori hayakatiki, vumbi inaingia mpaka ndani ya sufuria, na wanawake bado wanabeba bidoni za maji kichwani. Shule ipo, imeandikwa jina la kampuni ukutani kwa herufi kubwa. Kituo cha afya kipo, nacho kina jina la kampuni. Hakuna jengo lililoandikwa «asilimia 15», kwa hiyo mkaaji anajua alichopewa na kampuni kama zawadi, lakini hajui alichostahili kwa sheria. Kampuni ikiulizwa inajibu kwamba imelipa, na mara nyingi ni kweli. Jimbo likiulizwa linasema pesa ya komini haipiti kwake. Komini ikiulizwa, bourgmestre yuko safarini Kinshasa.

Na kwa nini asiwe Kinshasa? Wakaaji hawakumchagua. Bourgmestre anateuliwa kutoka juu, na wanaoweza kumwondoa wako juu. Mtu anapokea mamilioni kwa jina la watu ambao hawana namna ya kumfukuza, na siku moja anatolewa hesabu na waliompa kiti. Katika hali hiyo pesa itatazama upande ambako kiti kinatoka. Hata mtu mwaminifu atapata taabu. Sultani wa kijiji naye, ambaye kampuni inamwita kwanza kila inapotaka eneo jipya, anakuta amekuwa mshirika wa mgodi kabla hajawa msemaji wa watu wake.

Yanayofanyika kwenye kazi ndogo za migodi yanafanana na hayo. Sheria ya mwezi wa pili 2017 inasema kazi za mkataba mdogo, kama usafirishaji, chakula na usafi, ni za kampuni zenye mtaji mkubwa wa Wakongomani. Sheria ni nzuri. Lakini karatasi ya kuonyesha Mkongomani ni rahisi kupatikana, na anayeipata kwa urahisi zaidi ni yule mwenye ndugu serikalini. Kijana wa Kolwezi mwenye lori moja la mkopo anaishia kufanya kazi chini ya mtu ambaye hana hata lori.

Wachimbaji wadogo ndio wamesahaulika kuliko wote. Mwaka 2019 serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt ili inunue kobalti yao yote kwa bei inayojulikana. Miaka ilipita, na kobalti hiyo iliendelea kwenda kwenye maduka ya wanunuzi wa Kichina kandokando ya barabara, ambako anayepima ndiye anayetangaza asilimia ya madini. Tarehe 15 Novemba 2025, kwenye mgodi wa Kalando, si mbali na Kolwezi, daraja la kienyeji lilianguka likiwa na wachimbaji waliokuwa wanakimbia. Serikali ya jimbo ilihesabu si chini ya watu 32 waliokufa. Eneo hilo lilikuwa limekatazwa kuingiwa. Watu waliingia hata hivyo, kwa sababu maeneo halali waliyopewa wachimbaji wadogo ni machache, na mara nyingi hayana madini ya kutosha.

Mkaaji wa Kivu anaweza kusema kwamba hayo ni mambo ya Katanga. Hata kidogo. Huko Rubaya, katika Masisi, wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23, baada ya kuteka eneo hilo mwaka 2024, ilikuwa inakusanya angalau dola 800.000 kwa mwezi kutoka kwenye koltani. Anayetoza ushuru Rubaya anatumia bunduki. Kolwezi ushuru unatozwa kwa sheria ya Jamhuri. Tofauti hiyo ni kubwa sana, na ndiyo maana haifai mama muuza unga wa Kolwezi aone kama haipo, kwa sababu tu yeye naye haoni pesa inakokwenda.

Muda haupo mwingi. Huko China, zaidi ya nusu ya betri za magari ya umeme sasa zinatengenezwa bila kobalti kabisa, na kila bei ya Kongo inapopanda, mwenye kiwanda anapata sababu moja zaidi ya kuiacha. Faida ya viwango inaweza kudumu miaka michache. Itakayobaki Lualaba baada ya hapo ni barabara, mabomba ya maji na shule zilizojengwa wakati bei iko juu, au mashimo.

Jambo la kufanya haliombi sheria mpya wala mkopo wa Benki ya Dunia. Mwezi wa kumi 2025, ARECOMS ilipogawa viwango, ilitangaza orodha: kila kampuni kwa jina lake na kila moja na tani zake, CMOC na Glencore zikiwa na fungu kubwa. Kila mtu aliisoma, kuanzia wafanyabiashara wa London mpaka wenye kuuza kadi za simu Lubumbashi. Orodha ya pili ingewezekana kutoka kila miezi mitatu: kila komini, kila sekta na kila usultani wa Lualaba na Haut-Katanga, kiasi kilichoingia kwenye akaunti yake, kampuni iliyolipa, na kazi iliyofanywa, ibandikwe pia kwenye mlango wa ofisi ya bourgmestre kwa Kiswahili. Haitakuwa ndefu kuliko ile ya kwanza. Viwango vya sasa vimepangwa mpaka mwisho wa 2027, na Kinshasa italazimika kuketi tena na makampuni kabla ya hapo.