Tiba ya Mbali Yataka Mtu wa Karibu



Hapa Kimandolu, chini ya Mlima Meru, mtu akiugua usiku humpigia daktari simu, na kukipambazuka hospitali haziko mbali. Lakini ukiuzunguka mlima, ukashukia mbuga za Longido hata Ngorongoro, utafika maboma ambayo mtu hupanda kilimani na simu mkononi kutafuta mtandao, na mgonjwa amemwacha chini.

Siku hizi imezuka kauli, hata misikitini mwetu: "Tiba ya simu imekuja. Tuwanunulie simu, na wajibu wetu umekwisha." Ndugu zangu, huku ni kujidanganya! Simu humzalisha mama? Simu huzuia damu? Mama anayetokwa na damu baada ya kuzaa hana siku ya kungoja. Ana saa chache tu.

Sisemi kuwa chombo ni kibaya. Mwaka 1957 Dakta Michael Wood na wenzake wawili waliasisi shirika la Madaktari wa Ndege, ambalo leo ni AMREF, na hospitali za mbali zikafungiwa redio koli. Redio ile ilifaa kwa sababu upande mmoja alikaa muuguzi aliyejua kazi yake, na upande wa pili palikuwa na daktari na ndege. Leo tuna mpango wa m-mama, uliotangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022: mja mzito hupigiwa namba 115 bila malipo, akaja dereva wa karibu kumchukua. Mwondoe dereva, namba ile itabaki namba tu. Na pasipo mtandao, hata hiyo namba haipigiki.

Basi sisi Waislamu tulikuwa wapi? Mwaka 1983, hapa hapa Arusha, padri wa Kikatoliki alianza kurusha ndege ndogo kuwapelekea Wamasai matibabu. Simlaumu, najilaumu mimi na wewe. Kwani jambo hili ni letu tangu asili. Bibi Rufaida alipigiwa hema katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) akiuguza majeruhi. Na katika karne ya 4 ya Hijra, Waziri Ali bin Isa wa Baghdad alimwamuru Sinan bin Thabit awapeleke matabibu na dawa katika vijiji vya Iraki visivyokuwa na tabibu. Walipofika penye Mayahudi wengi, Sinan aliuliza kama nao watibiwe. Waziri akajibu: watibiwe. Simu haikuwapo, walikuwapo watu wenye kwenda.

Wako watakaosema hii ni kazi ya Serikali. Serikali ina lake, lakini kuokoa nafsi ni fardhi kifaya: tukiiacha sote, dhambi ni yetu sote. Mbona za mnara wa pili na vipaza sauti vipya twazipata, na za kumsomesha binti mmoja ukunga hatuna?

Ewe msomaji wa pwani, msikiti wako una nyumba za wakfu zenye kodi. Simama baada ya sala, uitake kamati itenge fungu. Kwanza, asomeshwe binti wa huko huko, arudi kwao. Pili, pawe na gari na mafuta. Tatu, redio koli na umeme wa jua. Simu ije mwisho, imkute mtu wa kuipokea.

Wabillahi tawfiq.