Stovu ya Mavyaa



Mnunuzi wa vyuma chakavu alisimama mlangoni petu na mizani yake, na mimi ndimi niliyemwita. Nilikuwa nimetoa uvunguni sufuria mbili zilizotoboka, pasi ya makaa iliyovunjika mpini, na stovu ya pampu ya shaba iliyofungwa katika leso kuukuu. Mavyaa wangu, ambaye macho yake hayaoni vyema siku hizi, alisikia shaba ikigonga sahani ya mizani. Akasema kwa utaratibu kutoka barazani, “Hiyo haipimwi kwa kilo, mwanangu.”

Niliingiwa na haya. Nilijua, ila nilikuwa nimejisahaulisha, kwamba alipofiwa na mumewe alipika vitumbua juu ya stovu ile kila alfajiri, na karo ya watoto wanne, mmoja wao mume wangu, ikatoka humo. Mnunuzi akaenda zake na sufuria na pasi. Stovu nikabaki nayo mkononi, na ahadi niliyoitoa kwa haraka kuwa nitaiwasha.

Stovu za namna hii zilianza na Frans Lindqvist wa Stockholm, nchini Uswidi, mwaka 1892, naye akaziita Primus. Hazina utambi. Pampu hushindilia hewa ndani ya tangi, hewa husukuma mafuta ya taa yapande mrijani hadi kichwani, na kwa kuwa kichwa kimekwisha kupashwa moto, mafuta hugeuka mvuke kabla ya kutokea kwenye tundu lake dogo. Kiwakacho ni mvuke. Ukilifahamu hilo, maradhi yote ya stovu utayajua.

Maradhi ya kwanza yalikuwa pampu: ilikwenda na kurudi bila kushika hewa. Ndani yake mna kikombe kidogo cha ngozi, nacho kilikuwa kimekauka kama kumbi. Nilikiroweka katika mafuta ya cherehani usiku kucha, asubuhi nikakitanua ukingo kwa vidole, lakini kikapasuka. Nikaenda kwa fundi wa makubadhi, akanikatia kingine kwa ngozi laini. Hakutaka malipo, alisema mamake naye alikuwa na stovu kama hiyo. Tundu la moto nililizibua kwa sindano yake, ile nyembamba mno, kwa mkono mwepesi, maana tundu likipanuka moto huwa mwekundu na sufuria hujaa masizi.

Kisha nikafanya jambo ambalo nawasihi msiliruke. Tangi likiwa tupu, nilipiga pampu mara chache nikalizamisha katika ndoo ya maji. Mapovu ya kwenye tundu la moto si kitu, hiyo ni njia yake. Lakini mapovu mengine yalitoka shingoni, pale kichwa kinapokutana na tangi. Pete ya risasi iliyo hapo ilikuwa imechakaa. Nilipotia mpya mapovu yakakoma. Lau yangetoka kwenye kiungo cha tangi lenyewe, ningelipeleka kwa fundi wa kuchomelea shaba, na kama hakuna, stovu ingebaki pambo la kabatini. Kusugua kwa ukwaju na majivu nilikuacha mwisho. Uzuri hauzuii moto kulipuka.

Niliiwashia uani, mbali na kamba ya nguo, mikono ya nguo yangu nimeikunja, watoto nimewafungia ndani. Nilitia spiriti katika kisahani, nikaiacha iwake hadi karibu kwisha, nikakaza skrubu ya hewa na kupiga pampu polepole. Mara ya kwanza ulitoka moto wa manjano mrefu kama ulimi. Nikafungua skrubu upesi, hewa ikatoka, moto ukafa. Nilikuwa na pupa, kichwa hakijapata joto la kutosha. Niliisubiri ipoe, nikaanza upya, na safari hii moto ukatulia, wa buluu, ukivuma.

Msiongeze mafuta stovu ikiwa inawaka au ingali moto. Petroli isikaribie kabisa, hata tone. Wala msiiwashe katika chumba kilichofungwa madirisha.

Mavyaa alikuwa amekaa barazani na tasbihi yake. Uvumi ule ulipomfikia, vidole vikasimama. Nilidhani atalia, nami nilikuwa tayari kulia naye.

“Hewa ni nyingi,” akasema. “Punguza, utaviunguza chini na ndani vibichi. Na chuma changu cha vitumbua umekiweka wapi?”

Chuma hicho, dada zangu, nilikuwa nimekiuza mwaka jana. Tangu Jumatatu nazunguka madukani nikitafuta kingine cha matundu saba.