Malala na Mahakimu Wake

Binti wa Kipashtuni aliyepigwa risasi ya kichwa ndani ya gari la skuli tarehe 9 Oktoba 2012 angali kizimbani hadi leo. Taliban wa Pakistan walijitangaza wenyewe kuwa ndio waliompiga, kwa hivyo kesi yao haina mabishano. Isiyokwisha ni ya Malala Yousafzai. Barazani kwetu, kama katika mabaraza ya Karachi na Lahore, utasikia kwamba ni kibaraka wa Wazungu na kwamba jina lake limetengenezwa Ulaya. Nasema hukumu hiyo imetolewa na mahakimu wasiomsikiliza mshitakiwa hata dakika moja.

Tuanze na jina, maana wapenzi wa tungo hatuna budi. Ameitwa kwa Malalai wa Maiwand, ambaye hekaya za Wapashtuni zasema alisimama katikati ya vita vya 27 Julai 1880, Waafghani wakipigana na Waingereza, akawatia ghera wapiganaji waliokwishavunjika moyo. Silaha yake ilikuwa landai. Msomaji asiyeijua na afahamu: ni utungo wa mishororo miwili tu, wa kwanza mizani 9, wa pili mizani 13, nao kwa sehemu kubwa ni mali ya wanawake na hautiwi jina la mtunzi. Hubeba mahaba, hubeba msiba, hubeba na kejeli kwa mume mzee. (Ufupi wake unatutia haya sisi tunaohitaji beti kumi kumlalamikia jirani.) Baba yake, mwalimu Ziauddin, aliipa skuli yake ya Mingora jina la Khushal Khan Khattak, malenga wa karne ya 17 aliyewashikia upanga Wamughali. Na mtoto huyu alipoandika shajara kwa Kiurdu mapema mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka 11, lakabu aliyopewa, Gul Makai, ilitoka katika ngano za watu wake. Mtaniambia shajara ile ilitolewa na BBC. Kweli. Idhaa ilikuwa ya Waingereza. Skuli zilizofungwa zilikuwa za Swat.

Iko hoja moja ya wapinzani ambayo sithubutu kuipuuza. Wanauliza: mbona ulimwengu unamlilia mmoja, na watoto waliouawa kwa makombora ya ndege zisizo na rubani hawana hata jina? Oktoba 2013 Malala alipokelewa Ikulu ya Marekani. Mwezi huohuo familia moja ya Waziristan Kaskazini, iliyompoteza bibi yao kwa kombora kama hilo, ilisafiri hadi Washington kutoa ushahidi, na wabunge waliokwenda kuwasikiliza walikuwa watano. Ni aibu kubwa. Lakini ni aibu ya nani? Malala mwenyewe alimwambia Obama ana kwa ana kwamba mashambulizi hayo yanaua wasio na hatia na yanauchochea ugaidi, kisha akaitangaza kauli yake hadharani. Wapinzani hawaitaji, kwa kuwa inavunja tuhuma yao. Mashabiki wake wa Magharibi nao hawaitaji, kwa kuwa inaharibu picha waliyoitundika ukutani. Makundi haya mawili hayajapata kukaa pamoja, na bado yameafikiana juu ya sentensi ya kufutwa.

Simfanyi walii. Mwaka 2024 alipolaumiwa kwa kuwa mtayarishaji wa mchezo wa kuigiza wa New York pamoja na Hillary Clinton, huku Gaza ikiteketea, lawama ile ilikuwa na uzito, kwani ilihusu alilotenda. Nyingi nyingine zinahusu kuwapo kwake tu. Novemba 2014, mwezi mmoja baada ya kutangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Kailash Satyarthi wa India, shirikisho la skuli za binafsi za Pakistan liliadhimisha siku ya kusema "Mimi si Malala". Watu wa skuli, jamani! Na Julai 2021 wakuu wa vitabu vya kiada wa Punjab walikikamata kitabu cha watoto kilichochapa picha yake pamoja na mashujaa wa taifa.

Watajaji wa dini ndio wanaonishangaza zaidi, ilhali neno la kwanza kuteremshwa lilikuwa amri ya kusoma, na haikubaguliwa jinsia. Januari 2025, Islamabad, katika mkutano wa elimu ya wasichana wa jamii za Kiislamu, Malala aliwaomba viongozi wa Kiislamu wasiwahalalishe Taliban wa Afghanistan, ambako tangu mwaka 2021 msichana hapiti darasa la 6. Katika hotuba hiyohiyo aliitaja Israel kwa jina, na jinsi ilivyouangamiza mfumo mzima wa elimu wa Gaza. Wanaomwita kibaraka na wachukue hotuba ile, waisome mstari kwa mstari, kisha wanioneshe ni mstari upi aliotumwa na Wazungu.