Meya hatukumuweka, namna gani tutamtosha?



Kila mara mvua inakata barabara, kila mara takataka inalala juma nzima mbele ya soko, kila mara mama muuza ndizi anaombwa kodi ya tatu siku moja, ulizo ni lile lile: "Huyu meya tunaweza kumtosha namna gani?" Mnatuuliza hivyo mu mikutano, mu avenyi, juu ya pikipiki. Wengi wanafikiri sheria iko na dawa mahali fulani, ni sisi tu hatujaisoma. Tumeisoma. Leo tunawapa jibu, na jibu si zuri.

Sheria ya Kongo haimpi mpiga kura njia yoyote ya kumtosha meya yeye mwenyewe. Hakuna hesabu ya sahihi za kukusanya, hakuna siku ya kurudi kwenye kura na kusema "huyu atoke". Na kuna jambo baya zaidi: hata kura ya kumuweka, hatujawahi kuiona.

Tueleze polepole. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu cha 3, inasema miji, komini, sekta na sheferi zinajiongoza kupitia vyombo vyao vya hapo hapo. Kisha sheria ya 7 Oktoba 2008, namba 08/016, pamoja na sheria ya uchaguzi, zikapanga ngazi. Ya kwanza: raia anachagua washauri wa komini. Ya pili: washauri wa komini wanachagua washauri wa mji. Ya tatu: baraza la mji linachagua meya na msaidizi wake. Baraza lile lile njo linaweza kumuita meya, kumuuliza maswali, kutuma tume ya uchunguzi, na hata kumuangusha kwa kura. Njia ni ndefu, raia anabaki mbali, lakini ingekuwa njia. Meya angejua kwamba kazi yake iko mikononi mwa watu wa mji wake.

Sasa, hiyo ngazi iko wapi?

Tulipiga kura 2006. Tukapiga 2011. Tukapiga 2018. Mara zote tatu hakuna mshauri wa komini hata mmoja aliyechaguliwa. Ilibidi kungoja 20 Desemba 2023, na hata siku ile haikuwa kila mahali: walichagua komini za Kinshasa na za miji mikubwa ya majimbo. Mtu wa Butembo ama wa Beni alipewa karatasi ya raisi na ya wadepite. Karatasi ya komini hakupewa. Na ni watu wa Beni wale wale ambao 30 Desemba 2018, walipokatazwa kumchagua raisi, walipanga mistari na kupiga kura yao ya mfano, ili Kinshasa ione kwamba wanataka kuchagua. Na kule ambako komini zilichaguliwa 2023, ngazi ya pili na ya tatu zimebaki kusogezwa mbele, kila mara na sababu mpya.

Basi meya anatoka wapi? Anatoka Kinshasa, kwa ordonansi ya raisi. Tunasikia jina lake ku redio sawa vile tunasikia habari ya inchi nyingine. Aliyemuweka njo anaweza kumtosha, na meya anajua vizuri nani wa kumfurahisha. Si wewe wa kartie. Sheria ya 2008 inasema miji, komini, sekta na sheferi ziko na haki ya 40% ya sehemu ya mapato ya taifa inayopewa jimbo. Ukitaka kujua pesa ya mji wako ilifika ama haikufika, ilijenga nini, utamuuliza nani? Baraza la kumuuliza meya haliko.

Huku Mashariki mambo ni magumu zaidi. Toka 6 Mei 2021, Ituri na Kivu ya Kaskazini ziko chini ya utawala wa kijeshi, ule wanaita état de siège. Ulitangazwa wa siku 30. Kisha wakaongeza siku 15, na 15 zingine, na hesabu imetupotea. Bunia, Beni na Butembo meya ni ofisa wa polisi. Goma toka Januari 2025, Bukavu toka Februari 2025, wale wa M23 waliofika na silaha nao wameweka meya wao. Hao hatuwalinganishi na sheria, maana hawana sheria yoyote ya kusimamia pale. Lakini mkaaji wa kawaida anaona kitu kimoja: pande zote mbili, hakuna aliyekuja kumuuliza anamtaka nani.

Watatuambia: "Ninyi vijana, inchi iko mu vita, kwanza usalama, kura itafuata." Tunawajibu: Goma ilianguka wakati gani? Ilianguka ikiwa chini ya utawala wa kijeshi, ikiwa na meya wa polisi. Kutunyima sauti hakukutuletea usalama. Kulituletea tu viongozi ambao hawana wa kuwauliza.

Wengine watasema: "Mkipewa nguvu ya kutosha meya, kila aliyeshindwa atakusanya sahihi na mji hautatulia." Hofu hiyo tunaielewa, na sheria inaweza kuijibu: mwaka wa kwanza hakuna kumgusa, sahihi ziwe nyingi na zihakikishwe, kisha mji mzima upige kura ya ndiyo ama hapana. Kwingine wanafanya. Oakland, mu Marekani, Novemba 2024 wapiga kura walimtosha meya wao hivyo hivyo: sahihi, kisha kura. Tena Katiba yetu wenyewe, kifungu cha 218, inakubali watu 100.000 wakitia sahihi waombe kubadilisha Katiba ya inchi. Raia anaaminiwa kugusa Katiba, lakini haaminiwi kumgusa meya?

Sasa tufanye nini kesho asubuhi? Kitu kimoja kiko mikononi mwetu. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia serikali ombi, peke yake ama na wenzake, na serikali inapaswa kujibu mu miezi mitatu. Tena kinasema hakuna mtu anayeweza kushitakiwa juu ya kufanya hivyo. Basi kila kartie iandike. Msitukane. Andikeni mambo mliyoona kwa macho: tarehe, mahali, kodi gani, jengo gani halikumalizika. Tieni sahihi. Pelekeni kwa raisi, maana yeye njo anaweka meya, na kopi kwa gavana. Dai muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yenu, na mchunge hiyo karatasi vizuri. Kisha hesabuni miezi mitatu. Ombi halimtoshi meya, tusidanganyane. Lakini wakinyamaza, ni wao watakuwa wamevunja Katiba, na sisi tutakuwa na ushahidi mkononi.

Ndiyo maana tunadai mambo matatu:

1. CENI itoe tarehe, na serikali itoe pesa, ili ngazi zote zichaguliwe: komini pale bado, kisha mabaraza ya miji, kisha mameya.

2. Utawala wa kijeshi uishe Ituri na Kivu ya Kaskazini, na miji irudishwe kwa viongozi wa kiraia.

3. Wadepite na maseneta waongeze mu sheria haki ya wapiga kura kumtosha meya mbele ya mwisho wa mandat yake.

Kwa wadepite wetu tunasema: 2023 mlikuja kwetu na tishati na chumvi. Mlipata kura zetu. Hii sheria mlete.

Na wewe unayesoma, usingoje mtu akuletee karatasi. Kalamu moja, daftari moja, majirani kumi. Anza na avenyi yako.

Mji ni wetu. Meya ni mtumishi.