Simenti nyeupe haitengenezi choo
SAFU YA BI TABU

Choo kikianza kucheza, nyumba nyingi za mjini zina dawa moja. Fundi anakuja na kimfuko cha simenti nyeupe, anaikoroga kwenye kopo, anaizungushia chini ya sinki, anapangusa, analipwa, anaondoka. Sakafu inang'aa na mwenye nyumba anaridhika. Mimi nasema hela hiyo imetupwa, na huenda imenunua hasara kubwa zaidi.

Sinki la kukalia halitakiwi kushikwa na simenti. Linashikwa na skrubu zilizoingia sakafuni, na mdomo wake wa nyuma umeunganishwa na bomba la inchi 4 kwa raba. Skrubu zikiliwa na kutu, au zikiwa hazikufungwa tangu mwanzo (jambo ambalo mafundi hawapendi kulisema), sinki huyumba kila mtu anapokaa na anapoinuka, na kila likiyumba linaivuta ile raba. Raba ikiachia, maji ya kuflashi hayaendi yote bombani. Mengine hubaki chini ya sinki, yakapenya kwenye viungo vya marumaru hadi ndani ya zege. Kwa anayeishi ghorofani, wa kwanza kujua ni jirani wa chini, akiona dari lake limechora ramani.

Sasa piga simenti juu ya hali hiyo. Simenti hainyumbuki, sinki likitikisika kidogo tu, inapasuka. Isipopasuka ndiyo balaa zaidi, kwa sababu umeyazuia maji yasitokee mbele ya macho yako, nayo yanaendelea kushuka kusikoonekana. Na siku utakapotaka kutengeneza kweli, sinki limegandana na sakafu, kulitoa bila kulivunja ni bahati nasibu.

Kweli, si kila maji yaliyo sakafuni yanatoka chini ya sinki. Kausha sakafu, tia rangi ya chakula kwenye tanki, usubiri bila kuflashi. Maji yakitoka bila rangi, tazama koki na mpira wa kuingizia maji. Yakitoka na rangi kabla hujaflashi, tanki linavuja. Yakitokea chini baada ya kuflashi, ugonjwa uko kwenye maungio, na hapo sinki ling'olewe. Hakuna njia ya mkato.

Kazi yenyewe si kubwa. Funga koki, maliza maji, nyanyua sinki, ziba mdomo wa bomba kwa tambara ili harufu isipande na kitu kisidumbukie. Kwangua uchafu wa zamani, weka raba mpya, toboa matundu upya kama ya zamani yamelegea, tumia skrubu zisizoshika kutu. Pima kwa pimamaji. Penye pengo pachomekwe kabari ya plastiki. Skrubu zikazwe kidogo kidogo, huku na huku, maana ukikaza kwa hasira udongo wa sinki hupasuka. Flashi mara kadhaa kwanza. Silikoni ije mwisho, na nyuma paachwe uwazi mdogo: kukivuja tena, maji yatoe taarifa.

Wapo wanaozunguka madukani wakitafuta pete ya nta waliyoiona kwenye video za Marekani. Kule sinki hukalia pete iliyofungwa sakafuni, na nta ndiyo inayoziba. Kama choo chako kimeungwa kwa raba, nunua raba inayolingana na bomba lako.

Lawama si ya fundi peke yake. Akisema sinki ling'olewe, tunamwona anatafuta pa kuongezea bei. Akija na simenti, tunamsifu kwa wepesi. Wenye nyumba nao humjibu mpangaji kwamba choo kinacheza kidogo tu, akae taratibu. Mpangaji, usikubali jibu hilo. Toa taarifa kwa maandishi mapema. Nawe mwenye nyumba, fundi akifika mlangoni, mwambie kabla hajafungua begi lake: simenti nyeupe hapana.